Ndugu wa Mtoto Kiziwi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Mombasa

Mdogo wangu ni kiziwi. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja na nusu, na baada ya hapo hakusikia tena. Mimi ndiye dada yake mkubwa. Tangu darasa la pili nimekuwa mdomo wake sokoni, hospitalini na msibani, kazi ambayo sikuiomba.

Siku hizi huketi na wazazi wa watoto viziwi, wa Majengo, Kisauni, Likoni, na wengine hutoka hadi Mtwapa. Kila tukikaa maswali ni yale yale, na mengi hayamhusu kiziwi. Yanamhusu yule mwingine anayesikia, aliyekaa kando akichezea simu ya mama. Ukurasa huu ni wake. Ya msingi yako juu, ya hali zisizo za kawaida yako chini.

## Mwanzo

1. Tumeambiwa juzi kwamba mtoto hasikii. Nduguze tuwaambie lini?

Leo. Wameshajua kuwa kuna jambo. Wamemwona mama akijifuta machozi jikoni, wamesikia simu ndefu na nyanya, wameona mtoto akipelekwa hospitali ya Makadara kila baada ya siku mbili. Msipowaambia watabuni yao, na ya kubuni huwa mabaya kuliko ya kweli.

Wa miaka minne anatosheka na maneno machache: "Masikio ya mdogo wako hayasikii. Ukimtaka, mguse begani akutazame." Wa miaka kumi atauliza kama atapona. Mjibu kadiri ya mlivyoambiwa na daktari, bila kuongeza matumaini ya kwenu. Sikio la ndani likishaharibika kwa kawaida halirudi kwa dawa. Vifaa husaidia baadhi ya watoto kusikia zaidi, na lugha ya ishara humpa mtoto namna ya kuongea kuanzia sasa. Mtoto aliyeahidiwa kuwa "mdogo wako atasikia Iddi ijayo" ataihesabu Iddi hiyo.

2. Tutumie neno gani: bubu, kiziwi, asiyesikia?

Kiziwi. Ndivyo viziwi wengi wa Kenya wanavyojiita, wala hawaoni haya. "Bubu" liacheni. Mdogo wangu hucheka kwa sauti hadi jirani wakagonga ukuta, bubu gani huyo?

Nduguze ndio watakaoulizwa uwanjani, kwa hiyo wapeni jibu la mfukoni: "Hasikii, anaongea kwa mikono. Njoo nikuonyeshe." Jibu la namna hii hugeuza uchokozi kuwa somo. Nakuonya tu kwamba watoto wa mtaani hutaka kufundishwa ishara za matusi kwanza.

3. Binti yangu anaamini yeye ndiye aliyemfanya mdogo wake awe kiziwi. Amelitoa wapi hilo?

Kichwani mwake, na ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo. Pengine alimpiga kofi akiwa mchanga. Pengine alisema hamtaki mtoto mwingine, kisha mtoto akaja akiwa hasikii. Mimi niliamini kwa miaka kuwa ni uji niliomlisha ungali moto. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo usingoje aseme, muulize, "Unadhani imekuwaje?"

Kisha mweleze sababu za kweli kwa lugha yake: kuzaliwa na jeni la uziwi, rubela kwa mama mjamzito, kuzaliwa kabla ya wakati, umanjano mkali wa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, sikio linalotoka usaha mara kwa mara bila kutibiwa, na baadhi ya dawa kali kama gentamicin. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, ndiyo sababu chanjo ya surua na rubela, ambayo Kenya ilianza kuitoa 2016, si ya kukosa kwa yeyote nyumbani.

Na wakubwa nao wachunge midomo. Mtoto aliyeelezwa vizuri na mama asubuhi, jioni akamsikia khalati akisema "ni jicho lile", atashika la khalati.

4. Huambukiza?

Hapana.

5. Mtoto atakayefuata naye atakuwa kiziwi?

Inategemea chanzo. Uziwi uliotokana na homa ya uti wa mgongo, kama wa mdogo wangu, haurithiwi. Ukiwa wa jeni, namna iliyo ya kawaida zaidi ni hii: baba na mama wote wanasikia, lakini kila mmoja amebeba nakala moja iliyofichika. Hapo kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kupata mtoto kiziwi. Nafasi hiyo huanza upya kila mara; kuwa na mmoja hakumlindi anayefuata.

Waliooana watoto wa ami au wa mjomba, kama familia nyingi za hapa Pwani, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba wote wawili jeni lilelile. Nalisema hili bila kumnyooshea mtu kidole. Faida ya kujua ni kwamba mtoto akizaliwa apimwe masikio mapema, asingojwe hadi miaka mitatu kwa kuambiwa "wavulana huchelewa kusema".

Pimeni pia wale wakubwa mnaodhani wanasikia. Kwa nini, soma swali la 20. Na ndugu anayesikia akifika umri wa kuoa atauliza kuhusu watoto wake: kama uziwi ni wa namna niliyoeleza, ana nafasi mbili kwa tatu ya kuwa amebeba nakala moja, jambo ambalo haliwi na athari mpaka akutane na mwenziwe aliyebeba ileile.

## Lugha nyumbani

6. Tukiongea kwa ishara, kitinda mimba anayesikia hatachelewa kusema?

Hatachelewa. Mtoto wa Mombasa anasikia Kiswahili sebuleni, Kigiriama au Kidigo kwa nyanya, Kiingereza skulini na Kiarabu chuoni, yaani madrasa, na hakuna anayeogopa. Ishara ni lugha moja zaidi. Muhimu ni kwamba watu waendelee kumsemesha kwa sauti pia.

7. Watoto wamejitungia ishara zao wenyewe. Tuzikataze?

La. Ishara za nyumbani ni dalili ya watoto wanaopendana. Kwetu, shangazi wa Likoni alikuwa ni kiganja kinachoyumba kama feri, na baba alikuwa ni kofia. Mpaka leo tunazitumia.

Ila hazitoshi. Kwa ishara za kubuni tulikuwa tukiweza kusema "maji", "njoo", "baba amekasirika". Hatukuweza kusema "kama ungeniambia jana nisingekwenda". Mtoto anahitaji lugha kamili, na hiyo ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Ina sarufi yake, si Kiswahili kilichowekwa mikononi, ndiyo sababu kukalimani neno kwa neno hutoka vichekesho. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiamuru serikali kuikuza, na kifungu cha 120 kinaihesabu kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mjomba anayesema ni "michezo ya mikono" asomewe hapo.

8. Mimi sijui ishara, lakini binti yangu anazijua vizuri sana. Si inatosha?

Haitoshi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nyanya alipofariki. Uani kumejaa watu, turubai limeshafungwa, baba akanivuta mkono: "Mwambie nduguyo." Hakujua ishara ya kifo. Nikamwambia mimi. Mdogo wangu akauliza lini, vipi, anaoshwa na nani, kwa nini hakuniaga. Nami nikawa mbio kati ya mikono yake na mdomo wa baba, swali huku, jibu kule. Sikulia siku ile. Mikono ilikuwa na kazi. Nililia wiki tatu baadaye darasani kwa sababu ya penseli iliyovunjika, mwalimu akadhani nimepigwa.

Mtoto mkalimani hupitishiwa mambo makubwa kuliko umri wake: deni la dukani, majibu ya daktari, ugomvi wa wazazi. Tena hupewa mamlaka yasiyo yake. Baba akisema "mwambie asitoke nje", mimi mara nyingine niliongeza "mpaka anipe nusu ya kachiri zake". Kijana aliishi miaka akiamini baba ana ugomvi na kachiri. Alipogundua alinikasirikia mimi siku mbili. Hasira zake kwa baba zilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa maneno yalikuwa yakisemwa kwa jina la baba naye baba hana habari.

Na kuna siku binti ataondoka. Nilipoolewa mamangu alilia mara mbili, mara ya kwanza ukumbini, mara ya pili usiku alipokaa na mwanawe jikoni na wote wawili hawana la kuambiana. Alianza kujifunza ishara wiki iliyofuata, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Wewe usingoje harusi. Anza na ishara za nyumba yako, achana na orodha za simba na twiga: njaa, choo, maumivu, subiri, kesho, nani, kwa nini, pole, nakupenda. Watafute viziwi watu wazima wakufundishe, kwa maana lugha ni yao. Walimu wa skuli za viziwi, Ziwani hapa mjini au Kibarani kule Kilifi, wanaweza kukuelekeza kwao. Ishara tano kwa wiki zinazotumika kweli zina maana kuliko mia za siku moja. Utakosea na watoto watakucheka, anayesikia na asiyesikia wakiwa timu moja. Hiyo peke yake ni faida.

9. Tukila pamoja kiziwi hununa, halafu huinuka. Tumemkosea nini?

Mnacheka naye hajui mnacheka nini. Akiuliza huambiwa "nitakuambia baadaye" au "si kitu". Siku ya Iddi jaribu kuhesabu ni mara ngapi ameambiwa hivyo kabla ya adhuhuri.

Sinia ina jambo jema ambalo meza ndefu haina: mnakaa duara, kila uso unaonekana. Tatizo ni mkono wa kulia uko kwenye pilau. Kwetu tulikubaliana kuwa wa kushoto ndio mkono wa kuongea. Alfabeti ya vidole ya Kenya hufanywa kwa mkono mmoja, kwa hiyo jina la mtu laweza kuandikwa hewani bila kuacha kula. Ishara za mikono miwili husubiri tonge limezwe. Anayetaka kusema huinua kidole kwanza, kiziwi akishamtazama ndipo huanza. Mazungumzo huwa ya polepole na wajomba wenye haraka huchukia, lakini huzoea.

Shangazi wenye nikabu wakiwa ndani pasipo mtu wa kando, wafunue uso. Nyusi na mdomo ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda, sentensi imegeuka swali. Kiziwi anayeona macho matupu anasoma barua iliyochanika nusu.

Kufasiri kicheko iwe zamu. Leo baba, kesho kaka, keshokutwa dada. Asiwe mmoja yule yule, kwa sababu za swali la 8.

10. Tumwiteje akiwa amegeuka? Na stima ikipotea?

Mguse begani, punga mkono pembeni mwa macho yake, au washa na kuzima taa. Vitabu vya nje husema upige sakafu kwa mguu atasikia mtetemo. Hiyo ni kwa nyumba za mbao; saruji ya Kisauni haitetemeki. Kumtupia ndara kumepigwa marufuku kwetu tangu ilipovunjika glasi ya kabati.

Stima ikipotea, tochi ya simu imulike mikono ya anayeongea, isimulike macho ya anayetazama. Na yule atakayemzimia kiziwi taa makusudi katikati ya ugomvi ahesabiwe amemziba mtu mdomo.

## Wivu, ugomvi na aibu

11. Mkubwa analalamika kuwa tunampenda mdogo zaidi. Tumjibu nini?

Amehesabu, na huenda hesabu yake ni sahihi. Siku za kliniki, nauli, pesa za betri, mikutano ya walimu: vyote vimekwenda upande mmoja. Ukimwambia "nawapenda sawasawa" atajua unakwepa. Mwambie, "Ni kweli, nimekuwa naye sana, na nimekukosa." Kisha mpe muda unaojulikana. Nusu saa kila Ijumaa alasiri, ufukoni Mama Ngina, viazi karai na ukwaju, wewe na yeye tu, na mdogo asitajwe. Usiufanye kuwa ujira wa kukalimani.

Kuna sentensi moja ningeomba ifutwe katika nyumba zote: "Wewe shukuru unasikia." Nimeisikia nikiwa na malaria, nimeisikia nikifeli hesabu. Mtoto hawezi kubishana nayo, kwa hiyo huimeza.

12. Wakikosea wote wawili, nimwadhibu nani?

Wote wawili. Kiziwi asiyekanywa hukua hana adabu, na nduguye hukua na kinyongo.

Lakini kabla ya hapo hakikisha kiziwi aliijua sheria. Mara nyingi anayesikia alishaelezwa sababu, hata kwa kuisikia tu watu wakizungumza, na mwenziwe alipata kofi bila maelezo. Mwambie akueleze sheria kwa mikono yake. Asipoweza, kosa ni lako.

13. Wakigombana, kiziwi hufumba macho na nduguye hupandwa na wazimu. Nifanye nini?

Cheka kidogo ukiwa peke yako, kwa sababu ni silaha nzuri. Kufumba macho ni sawa na kutoka chumbani na kubamiza mlango. Nduguye anaruhusiwa kukasirika. Haruhusiwi kumfumbua kwa nguvu wala kumshika mikono, kwa kuwa kushika mikono ya kiziwi ni kumnyima sauti. Wape dakika kumi, kila mtu chumba chake.

Ukiamua kesi, anza kumsikiliza kiziwi. Anayesikia huwahi kufika kwa mama na hadithi iliyokwisha kupangwa, na hadithi ya kwanza huwa na uzito usio wake.

14. Ndugu anaweza kusaidia vipi na kifaa cha kusikia?

Kwa mambo mawili matatu, bila kugeuzwa fundi. Kifaa kikipiga mluzi, nduguye huusikia huku mwenyewe huenda hausikii. Mluzi mara nyingi una maana kwamba kile kipande cha sikioni hakijakaa vizuri au mtoto amekua na kimekuwa kidogo, na akuambie wewe. Anaweza kumkumbusha kukivua kabla ya kuingia baharini. Chumvi na maji havina huruma. Kwa unyevu wetu wa Mombasa kifaa kilale usiku ndani ya kikopo kilichofungwa chenye vile vipakiti vya kukausha.

Betri ni jambo zito. Ni ndogo, zinang'aa, na mtoto wa mwaka mmoja hutia kila kitu mdomoni. Betri ya kifungo iliyokwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa chache. Iliyomezwa, au kusukumwa puani au sikioni, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo; usingoje uone kama atatapika. Zifungieni juu, mpya na zilizokwisha.

15. Dada yake anamwonea haya mbele ya marafiki. Nimkaripie?

Usimkaripie. Akiwa na miaka kumi na tatu angekuonea haya hata wewe. Mimi nilikuwa nikitembea hatua tano mbele ya mdogo wangu tukienda uwanja wa Makadara kucheza, ili wasijue tuko pamoja. Naye alijua. Tulikuja kulizungumza tukiwa watu wazima, akaniambia alikuwa akipunguza mwendo makusudi ili nipate nafasi.

Kinachosaidia ni dada kukutana na ndugu wengine wa viziwi na kusema maneno hayo bila mzazi kuwepo. Asilazimishwe kumchukua kila anapokwenda.

## Skuli, bweni na chuo

16. Yuko bweni. Akirudi likizo anakuwa kama mgeni, na nduguze wanamkwepa. Ni kawaida?

Ni kawaida sana, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba huanza kwa wiki moja ya baridi. Skulini ana marafiki mia wanaoongea lugha yake kwa kasi. Anarudi na ishara mpya, utani mpya, na anakuta nyumba ambako anasemeshwa kitoto. Nduguze nao walishazoea kitanda kuwa kitupu. Pengine mmoja amekihamia.

Kitanda kiwe chake mwaka mzima. Piga simu ya video kila wiki pale skuli inaporuhusu, nduguze wazungumze naye wenyewe, wewe usisimame katikati. Akirudi, siku ya kwanza apumzike na mahamri yake, siku ya pili aoshe vyombo kama wengine. Mgeni haoshi vyombo. Ndugu huosha. Pia mwombe aifundishe nyumba ishara kumi mpya: kwa mara moja yeye ndiye anayejua na wengine ndio wanaoomba.

17. Tuwapeleke skuli moja ili amwangalie?

Kama skuli inamfaa kiziwi, sawa. Kama sababu pekee ni "amwangalie", hapana, kwa maana utakuwa umeajiri mwalimu msaidizi wa miaka tisa. Tathmini ya mtoto ifanywe kwanza kwenye kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu, kisha muamue.

18. Ustadhi wa chuo amemkalisha kaka yake kando ili amfasirie. Ni vizuri?

Kwa wiki mbili za mwanzo, ndiyo. Baada ya hapo kaka hasomi, anasomesha. Mwombeni ustadhi aandike ubaoni, amkalishe kiziwi mbele na asiseme akiwa amegeuka. Ni jambo lile lile la swali la 8 likiwa limevaa kanzu.

## Hali zisizo za kawaida

19. Daktari, polisi au mahakama wakimtaka ndugu akalimani, tukubali?

Kununua dawa ya kikohozi, sawa. Zaidi ya hapo kataeni kwa upole. Katika hospitali moja niliwahi kuulizwa, nikiwa na miaka kumi na minne, nimweleze mdogo wangu jambo la sehemu za siri. Nikasema uongo kwa mikono: nilimwambia daktari anauliza kama amekula.

Kesi ya jinai ina haki zake: kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Na ikiwa kiziwi amedhulumiwa kimwili, nduguye asiwe mkalimani kabisa. Huenda mdhalimu ni mtu wa nyumbani, huenda ndugu ataficha kwa hofu, na hata akisema kweli, picha hizo zitabaki naye. Ndugu akiambiwa siri ya namna hiyo na haoni wa kumweleza, simu ya watoto ya 116 haina malipo.

20. Huyu wa pili husikia anapotaka. Akiitwa kutumwa hasikii, akiitwa kula anasikia. Ni ukaidi?

Huenda, lakini mpimeni kwanza. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio, au anayesikia sikio moja, hufanana kabisa na mkaidi: leo anasikia, kesho hasikii, chumbani anasikia, Kongowea sokoni hasikii. Kwa kuwa nyumba imeshazoea "yule ndiye kiziwi", hakuna anayemshuku wa pili.

Wa sikio moja ana hatari ya barabarani. Husikia honi bila kujua inatoka upande gani, na tuktuk haingoji.

21. Anayesikia ameanza kujifanya hasikii. Ananidhihaki?

Anajaribu kupata anachokiona mwenziwe anapata. Mpeleke akapimwe kwa kweli, usimtishe. Akikutwa mzima, mwambie umefurahi kwenda naye, mkanywe maji ya madafu, kisha urudi swali la 11.

22. Tuna viziwi wawili na mmoja anayesikia. Mwenye shida sasa ni yule anayesikia. Mnacheka?

Hatucheki. Katika nyumba hiyo yeye ndiye anayeambiwa "nitakuambia baadaye". Wawili wana lugha ya haraka, wana skuli yao, wana marafiki wao. Mpelekeni akae na wenye kusikia pia, kwa binamu au timu ya mpira, na ishara zake ziwe nzuri kiasi cha kuweza kubishana. Kama kiziwi mmoja amewekewa kipandikizi cha kokilea, kile kifaa cha kusikia kinachowekwa sikio la ndani kwa upasuaji, na mwenziwe hakuwekewa, waelezeni wote wawili sababu ya daktari kwa ishara, wasije wakadhani mmoja alichaguliwa kwa kupendwa.

23. Tukifa, nani atamtazama?

Mamangu aliniuliza swali hili sebuleni, mdogo wangu akiwa chumba cha pili, wakati huo ana miaka ishirini na moja na anachomea mageti Changamwe. Nikasema tumwite. Alipoelezwa alinitazama mimi, akamtazama mama, akauliza: na dada, nani atamtazama? Mwezi uliopita ni mimi niliyekopa pesa kwake.

Kwa hiyo muulizeni mwenyewe kabla ya kumpangia nduguye. Ndugu anaweza kuombwa, asirithishwe mtu kama anavyorithishwa kabati. Uziwi haumpunguzii mtu fungu katika mirathi ya Kiislamu wala haumfanyi mtoto mdogo mbele ya sheria ya Kenya; akifika miaka 18 anatia sahihi yake. Mtakapogawa chochote awepo, pamoja na mkalimani asiye na fungu katika mali hiyo, ambaye kwa sababu hiyo hawezi kuwa nduguye.

Anzeni na madogo angali kijana: kitambulisho chake, laini ya simu kwa jina lake, akaunti ya benki ambayo namba ya siri anaijua yeye peke yake. Nduguze wakitaka kumsaidia, wamfundishe kutumia mashine ya benki mara moja, kisha wasimame nje.